Mguu Uliobaki Barabara Kuu



Kisa ninachokisimulia leo kinanihusu mimi mwenyewe. Lau kingekuwa cha mtu mwingine, huenda ningekisimulia kwa ukali zaidi.

Ilikuwa Jumatatu jioni, jua likikaribia kuzama, nami nikirejea kutoka Kigoma mjini na magunia mawili ya dagaa nyuma ya gari. Kutoka Kigoma hadi Kasulu barabara ni lami, na sisi tuliozaliwa huku milimani bado tunaipita kwa furaha ya mtu aliyevaa kanzu mpya. Gari halitikisiki, vioo vimefungwa, redio inazungumza taratibu. Mshale wa kasi ulikuwa umetulia kwenye 80 kwa muda mrefu hata nikausahau. Nilipofika njia panda yetu, ile inayochepuka kuelekea upande wa Mtabila, niliwasha taa ya kushoto, nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikakata kona. Nilijiona ninakwenda polepole kabisa. Mtu angeniuliza, ningemjibu bila kusita kwamba ninakwenda 20. Nilipoutupia jicho ule mshale, ulikuwa kwenye 50.

Watoto wa madrasa walikuwa wametoka darasani na walikuwa wakivuka pale pale konani. Wengi walikwishafika ng'ambo. Wa mwisho alikuwa binti wa miaka saba hivi, juzuu kaibana kifuani, na kandambili yake moja ikamvuka mguuni. Akarudi hatua mbili kuifuata. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, gari likaacha lami na kuserereka juu ya changarawe, kisha likasimama. Nafasi iliyobaki kati ya bampa na yule mtoto sitaitaja, kwa sababu kila nikiipima upya kichwani inazidi kupungua.

Hakulia. Aliiokota kandambili, akaipangusa vumbi, akaivaa, kisha akaniangalia kupitia kioo na kuniamkia, kama alivyofundishwa: "Shikamoo, baba." Sikuweza kuitikia. Alikwenda zake, nami nikabaki nimekaa, mikono juu ya usukani, mpaka adhana ya Magharibi ikaanza.

Baada ya swala nilikwenda kwa bibi yake, ambaye ndiye anayemlea. Ningeweza kunyamaza, maana mtoto mwenyewe hakuwa amesema lolote nyumbani. Lakini niliona kwamba nikinyamaza leo, kesho nitajisadikisha kuwa hakikuwa kitu. Nilimwamkia, nikakaa juu ya mkeka, nikamweleza yote bila kujipunguzia. Alinyamaza muda mrefu, akimshukuru Mwenyezi Mungu kwa sauti ya chini. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Mwanangu," alisema, "zamani vumbi lilikuwa linatuambia."

Alikuwa na haki. Wale walioijua barabara ya Kasulu na Kibondo kabla ya lami watakumbuka. Wakati wa kiangazi gari liliweza kuonekana likiwa mbali, wingu jekundu likipanda juu ya migomba. Mama alipata wasaa wa kuita watoto, na mchungaji wa kuondoa mbuzi wake. Masika safari zililala njiani kwa sababu ya tope. Kambi ya wakimbizi wa Kirundi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, tulisimama kando ya njia kutazama misafara iliyowarejesha kwao, na kila mtu aliiona ikija kabla haijafika. Leo mahali pale ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na vumbi limebaki katika njia ndogo tu. Mradi wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, wa kilometa 260 hivi, unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeuletea mkoa wetu kile tulichokiomba miaka mingi. Mgonjwa anafika hospitali akiwa hai, na maharage yanafika sokoni kabla ya kuoza. Simo miongoni mwa wanaoilaumu lami, ila lami haina wingu la kumtangulia dereva.

Usiku ule sikulala vizuri, nikafanya hesabu ambazo tangu nilipomaliza shule sikuwahi kuzihitaji. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Likienda 50, hupita karibu mita 14. Likienda 30, mita nane. Na sekunde moja ndiyo muda ambao dereva aliye macho huutumia kuona tu na kuhamisha mguu, kabla breki haijafanya kazi yoyote. Baada ya hapo, umbali wa kusimama haupungui sawasawa na kasi: ukipunguza kasi nusu, breki huhitaji robo tu ya umbali. Kwa hiyo 50 yangu pale konani na 20 niliyodhania yalikuwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. La kushangaza zaidi ni kwamba 50 ndicho kikomo cha sheria katika maeneo ya makazi. Polisi angesimama pale asingekuwa na kosa la kuniandikia kwa kasi ile.

Kilichonidanganya ni jicho na mguu. Mtu aliyekaa saa nzima katika kasi kubwa huizoea, na akiipunguza kidogo huiona ndogo kuliko ilivyo. Mwili umekwisha kuingia katika njia ya mtaa, mguu bado uko barabara kuu.

Nilimpigia simu mdogo wangu aishiye Dar es Salaam, nikamsimulia. Akanikumbusha kwamba nilipomtembelea tulisimama pamoja Ubungo, chini ya daraja la ngazi tatu lililozinduliwa Februari 2021 na kupewa jina la marehemu Balozi John Kijazi, nami nilikuwa nimelisifu sana. Nililisifu kwa haki. Wakazi wa jiji waliopoteza saa nzima katika foleni ya makutano yale wanajua thamani yake, kama wanavyojua thamani ya Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililotangulia mwaka 2018. Lakini gari haliwezi kukaa juu ya daraja siku zote. Lazima literemke, na linapoteremka ndipo linapokutana na muuza maji, na mama mwenye mtoto mgongoni, na mwanafunzi anayekimbilia daladala. Juu, dereva hakuona mtu hata mmoja. Chini anatakiwa kuwaona wote katika kufumba na kufumbua. Wenzetu wa Nairobi walilionja mapema: barabara yao ya kulipia, ya kilometa 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilipofunguliwa kwa majaribio Mei 2022, siku chache tu zilipita kabla ya gari lililokuja kwa kasi kukivamia kituo cha malipo cha Mlolongo. Kituo kile ni cha zege na taa, na bado hakikuonekana kwa wakati. Je, mtoto mwenye juzuu?

Nimetaja majiji makubwa si kwa kujilinganisha nayo. Njia panda yetu haina daraja wala taa. Ugonjwa ndio mmoja: mahali ambapo njia ya haraka inaishia na mtaa unaanza, pakiachwa bila kizuizi cha kumrudisha dereva katika akili ya mtaa, mwenda kwa miguu ndiye anayegeuzwa kizuizi.

Siku ya tatu nilirudi konani kwa miguu, pamoja na fundi mmoja mwashi tunayeswali naye. Yeye ndiye aliyenionyesha kile nilichokipita mara mia bila kukiona. Kona yetu ni pana mno. Imekatwa kwa mviringo mkubwa, laini, ili malori yanayokuja kuchukua mahindi yaweze kugeuka bila kupanda ukingo. Ni sababu nzuri. Lakini upana unaomfaa dereva wa lori humruhusu mwenye gari dogo kukata kona bila kupunguza mwendo, na humwongezea mtoto hatua za kuvuka. Fundi alipima kwa nyayo zake: tukivuka mahali watoto wanapovukia tulipiga hatua 22, ilhali mita chache ndani ya njia ileile hatua tisa zinatosha.

Dawa yake haihitaji fedha za kujengea daraja. Kona ibanwe, na ule upande wa ndani uliobaki uinuliwe kidogo kwa mawe: tairi la lori litapanda juu yake bila shida, mwenye gari dogo ataona heri apunguze mwendo na kuzunguka. Kivuko kisogezwe ndani kidogo, mahali ambapo dereva amekwisha kunyoosha usukani na anatazama mbele, kisha kiinuliwe kuwa tuta pana la kupanda taratibu, lenye alama nyeupe na taa moja juu yake, kwa sababu saa ya watoto kutoka madrasa ndiyo saa ya giza kuingia. Miji mingi ya Marekani na Ulaya, iliyojenga barabara za kasi katika miaka ya 1950 na 1960, leo inatumia fedha kubanabana kona zilezile ilizozitanua wakati huo. Sisi tungali na nafasi ya kubana kabla hatujazika.

Wapo waliopendekeza tuchimbe wenyewe matuta ya udongo usiku mmoja, mambo yaishe. Nilikataa, na wengine wamenikasirikia. Tuta lisilo na alama huvunja bodaboda na shingo ya aliyepakiwa, na gari la wagonjwa lenye mzazi ndani nalo hupita njia hiyohiyo. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani. Hatukufundishwa kuongeza kingine. Nami sina ubavu wa kuwahutubia wenzangu juu ya mafundisho hayo, kwa kuwa Jumatatu ile chenye kuudhi njiani nilikuwa mimi.

Tumeandika barua. Kuiandika kulituchukua jioni mbili, na jioni ya kwanza yote ilikwenda katika kujua tunamwandikia nani. Barabara kuu ni ya TANROADS. Njia yetu ya wilaya iko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kona iko kati ya hizo mbili, na mtoto anapovuka huwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Mwishowe tuliweka anuani zote mbili juu ya ukurasa mmoja, ili kila mmoja aone kwamba mwenzake naye ameandikiwa, tukaambatisha mchoro wa fundi wenye vipimo vyake. Mwenyekiti wa kijiji ametia muhuri. Diwani ameahidi kuipeleka kwa mkono wake. Bibi yake yule binti hajui kuandika. Aliweka dole gumba, akauliza kama kuna nafasi ya kueleza habari za vumbi. Tukamwandikia mstari mmoja chini ya mchoro.

Tukisubiri majibu, mwalimu wa madrasa amekubali kuwatoa watoto nusu saa mapema, na wanafunzi wakubwa wawili wanasimama pande zote mbili za kona hadi wa mwisho avuke. Mimi nami, kila ninaporudi kutoka safari, nasimamisha gari kabisa kabla ya kona, hata kama njia ni tupu. Nazima redio, nafungua kioo, nahesabu hadi kumi. Madereva wa nyuma hunipigia honi na kunisema. Watoto wamekwisha kuzoea. Juzi walinikuta nimesimama hivyo, nao wote walikwishavuka, hakuna aliyebaki. Yule binti akageuka, akainua mkono kama askari wa barabarani, akaniita kwa sauti: "Baba, pita sasa!"

Safari hii niliweza kumjibu.