Tairi Lisilolala

Mgeni atokaye bara akifika Dar es Salaam huonyeshwa kwanza bandari, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na majumba marefu ya Posta. Hayo ni mema kuyaona, lakini watu wa mji huo hawalali huko. Wanalala Temeke, Tandika na Mbagala, na upande wa pili Kinondoni, Mwananyamala, Sinza, hata Tegeta. Huko ndiko waliko watoto wetu waliotoka vijijini kutafuta riziki, na huko ndiko zitokako motokaa zinazotujia Noeli na Pasaka zimejaa wajukuu. Kwa hiyo habari ya magurudumu yao si ya watu wa mjini peke yao. Sisi ndio tunaopakiwa humo kwenda harusini, hospitali na mazishini.

Wasomaji wapenzi, tuanze Keko, mtaa wa maseremala. Vitanda, makabati na makochi vimepangwa kando ya barabara, na nyundo hazinyamazi tangu asubuhi. Penye nyundo pana misumari, na katika misumari mia mmoja hauokotwi. Ukishuka upande wa Kurasini na barabara ya Mandela unakutana na malori ya bandarini, nayo huacha nyaya, skrubu na vipande vya bati. Huko Kinondoni, mtu akikaribia Tegeta na Boko, malori ya kokoto na ya saruji ya Wazo humwagia mawe yenye ncha. Kisha ije mvua ya masika. Maji huyakokota machuma hayo yote mpaka katika mashimo ya vichochoro, na dereva haoni kilicholala chini ya tope.

Ndiyo sababu fundi pancha hakosi kazi katika mitaa hiyo. Kibao chake ni tairi kuukuu lililosimamishwa njiani, limeandikwa kwa rangi nyeupe: PANCHA, UPEPO. Mali yake ni beseni la maji, vyuma viwili vya kubandulia tairi, gundi, viraka, na kompresa ingurumayo kuliko lori. Akimaliza kujaza upepo hutia mate kidoleni akapaka valvu, atazame kama povu linatoka. Wako wanaoona kinyaa. Mimi naona ni elimu, tena ya bure.

Tairi la upepo lenyewe si la zamani sana. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyekaa mji wa Belfast, alimtengenezea mwanawe magurudumu ya mpira yenye upepo kwa baiskeli yake ya miguu mitatu, asitikisike barabarani. Tangu siku hiyo wanadamu wamepata starehe na pancha pamoja.

Sasa amekuja mgeni katika kazi ya mafundi wetu. Pamoja na motokaa zilizotumika zinazoshushwa bandarini kutoka Japani, hasa zile za BMW na Mini, yamekuja matairi yaitwayo ranifleti, maana yake tairi liendalo hata likiisha upepo. Ubavu wake umefanywa mnene na mgumu, hata upepo ukitoka wote ubavu hubeba gari kwa muda. Utalijua kwa herufi zilizochorwa ubavuni: RSC, RFT, ZP, SSR au ROF, kila kampuni na alama yake. Wenye kuyatengeneza wanasema likiisha upepo liende kama kilomita 80, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Kwa sababu hiyo motokaa nyingi za namna hii hazina tairi la akiba wala jeki.

Kule kwenye barabara nyororo, na gereji kila baada ya mwendo mfupi, huo ni msaada mkubwa. Mama aliye peke yake usiku hashuki garini penye hatari. Lakini zihesabu hizo kilomita 80 kwa njia zetu. Ukipata pancha Mbezi ukielekea Morogoro, utapita Kibaha na Mlandizi, na Chalinze hutafika. Ukitoka Mbagala kwa barabara ya Kilwa utapita Mkuranga, lakini Kibiti utaisikia tu. Na hizo ni hesabu za lami. Aliyejaza watu na magunia, akakata kuingia njia ya shamba, asitegemee hata nusu yake.

Lakini ubaya mkubwa wa tairi hili ni kwamba halilali. Tairi la kawaida likichomwa msumari hulala chini, na hata mtoto apitaye atakwambia. Hili husimama wima kama zima. Dereva huendelea kazini wiki nzima, na ule ubavu unajikunja na kujikunjua pasipo upepo, unapata moto, unajisaga kwa ndani. Gari hutoa onyo, ni kweli: taa ya manjano yenye umbo la tairi lililokatwa, katikati alama ya mshangao. Walakini nimeona motokaa nyingi ambazo taa hiyo imewaka miezi mingi, na mwenyewe ameizoea kama alivyozoea redio.

Mtoni kwa Azizi Ali, katika barabara ya Kilwa, nilimkuta kijana mmoja amesimama na fundi. Mama yake mzee ameketi juu ya ndoo kivulini, mizigo imekwisha fungwa. Walikuwa safarini kwenda kwao, mbele ya Mkuranga. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limepata pancha mara ya nne katika mwezi ule.

“Kaka, hii siyo pancha ya nne,” fundi akamwambia. “Ni ile ile ya kwanza.”

Naye alisema kweli, kama nilivyoona kwa macho yangu. Mara tatu zote tundu lilikuwa limezibwa kwa nje tu, kwa ule utambi wa mpira unaosukumwa kwa chuma chenye jicho. Hakuna aliyelivua tairi kulitazama ndani, kwa maana ranifleti ni gumu kulibandua kwa mikono, linataka mashine. Fundi huyu alikuwa na jirani mwenye mashine. Walipolivua likamwaga unga mweusi, kama masizi ya jikoni. Huo unga ndio ubavu wenyewe uliokwisha sagwa. Pembeni ya tundu la kwanza palikuwa na kipande cha waya kama sindano, kimebaki kikichoma kila siku.

Kijana akataka tundu litiwe kiraka waondoke. Fundi akakataa. Alimweleza kwamba kiraka kitashika, upepo utakaa, na gari litasimama vizuri sana pale Mtoni. Lakini ubavu huo ukipata moto barabarani, abiria wamejaa, utapasuka. Kijana alikasirika, akasema fundi anataka kumwuzia tairi jingine. Basi mama akainuka pale kwenye ndoo, akachota ule unga kwa vidole viwili, akautazama. “Mwanangu,” akasema, “mimi sipandi.” Shauri likaisha.

Nalitaja jambo hili kwa sababu watu wengi hudhani pancha ya kujirudia ni mkosi, au ni mafundi wanaomwaga misumari usiku. Labda wapo wa namna hiyo. Lakini mara nyingi sababu iko katika gurudumu lenyewe. Ni waya ulioachwa ndani, au valvu iliyochoka, au rimu. Ubavu ukiwa mgumu, kishindo cha shimo hupanda moja kwa moja kwenye rimu, na rimu ya alumini hupata ufa mwembamba usioonekana. Hapo utaziba tairi mpaka uchoke. Maji ya sabuni yakipakwa kuzunguka rimu yote na juu ya valvu, povu litaonyesha penye kosa. Tundu la kati, pale panapokanyaga chini, huweza kuzibwa kwa kiraka cha ndani kama tairi halikuendeshwa bila upepo. Tundu la ubavuni halizibwi, wala tairi lenye unga mweusi halizibwi.

Kipimo cha upepo si cha gharama kubwa, na kwa ranifleti jicho halifai kitu. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva, mara nyingi kama ratili 32 hadi 36, nacho kipimwe asubuhi magurudumu yakiwa baridi. Tazama pia tarakimu nne ubavuni: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Matairi mengi huja na gari la mtumba yakiwa yamekwisha zeeka, hata kama meno yake bado marefu.

Wengi wa Temeke wameamua kuyaondoa yote manne na kuvaa ya kawaida. Kwa mtu ambaye safari zake ni za shamba, naona ni uamuzi wa busara, ila yote manne yawe ya namna moja, na tairi la akiba linunuliwe siku hiyo hiyo. Tairi hilo halina mahali pake katika gari kama lile, kwa hiyo hukaa penye mizigo. Kijana wa Mtoni alifanya hivyo jioni ile, na gunia moja la mama likabaki kwa fundi lingojee safari nyingine. Fundi aliwaongezea jeki kuukuu, na ubao mpana wa kuweka chini yake, kwani mchanga wa Mkuranga humeza jeki.