Urefu Si Nafasi

Tangi langu la samaki lina sentimita 30 kwa 30 chini, na kimo cha sentimita 60. Piga hesabu: lita 54. Ukitoa changarawe ya chini na hewa ya juu, zinabaki kama 45. Sasa lichukue tangi hilo hilo kichwani mwako ulilaze ubavu. Lita hazijabadilika, lakini uso wa maji umeongezeka mara mbili, kutoka sentimita za mraba 900 hadi 1,800. Kuchagua samaki kunaanzia hapo. Muuzaji atakuuliza tangi lako ni lita ngapi. Samaki mwenyewe hajali lita.

Samaki anajali hewa, njia na majirani. Hewa huingia majini kupitia ule uso wa juu, kwa hiyo tangi refu na jembamba lina maji mengi na mlango mdogo. Njia ni ile ya kuogelea, na samaki wengi wadogo huogelea kwenda na kurudi, si kupanda na kushuka. Majirani ndio shida ya kila mtu.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, yaani naandika chochote kinacholipwa: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, menyu. Mteja mmoja aliyekuwa anafunga mkahawa wake aliniomba nichukue sehemu ya malipo kwa vitu. Nikachukua tangi, kwa sababu lingetosha kwenye kona ya pekee iliyobaki kwa bedsita yangu hapa Pipeline, katikati ya kitanda na jiko la gesi. Kama hujawahi kufika Pipeline, ni ghorofa saba, nane, zimebanana hadi saa sita mchana unawasha taa. Tuko wengi, tumepangwa kwenda juu.

Mwezi huo huo mdogo wangu aliitwa chuo kikuu, hapa hapa Nairobi, na hosteli zikawa zimejaa. Mama akapiga simu. "Nunua dabodeka, mtatoshea," alisema, na kwa mama jambo lilikuwa limekwisha.

Mdogo wangu alifika na sanduku moja, akalitazama tangi tupu, akasema, "Hii si tangi, hii ni lifti."

Kuna kitu hatukuwa tunakizungumzia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Yeye anasomea ualimu wa baiolojia na kemia. Alikuwa akirudi jioni, nikimuuliza siku imekuwaje, anasema "poa tu," kisha anafungulia vitabu mlangoni, kwenye korido, kana kwamba ni sigara. Alikuwa ananilinda. Hakuna kitu kizito kama kulindwa na mtu uliyembeba mgongoni.

Tangi ndilo lililotupa la kuongea. Nilitaka kununua samaki wikendi hiyo hiyo. Yeye akakataa. Kinyesi na mabaki ya chakula hugeuka amonia, alisema, na amonia huua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo samaki huvumilia mpaka ubadilishe maji. Bakteria hao hawauzwi na samaki. Unawangoja wakue kwenye filta na changarawe. Akachora mishale nyuma ya risiti. Ilikuwa mara ya kwanza ananifundisha kitu bila kuniomba msamaha kwa macho.

Tukawasha filta, tukawa tunatia chembe ya chakula kila siku kwa wiki tano, tangi likiwa halina hata samaki mmoja. Majirani walituuliza kama tunafuga maji.

Wiki hizo tulizitumia kuwachuja wapangaji.

Enjeli ndiye kila mtu hukupendekezea ukisema tangi ni refu, maana naye ana kimo. Ni samaki wa Amazon, mwembamba kama bahasha, ameumbwa kupita katikati ya mashina. Lakini mwili wake hufika sentimita 15 akikomaa, na sakafu yetu ni 30. Angekuwa anageuka kama matatu kwenye kichochoro. Tena humeza samaki yeyote anayeingia mdomoni mwake.

Neoni tetra anapendeza, ila anataka wenzake sita au zaidi na njia ndefu ya kwenda pamoja. Anataka pia maji laini. Maji yetu ni ya kisima, yale ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu. Hapo hakuna mjadala.

Beta, yule mwenye mapezi kama gauni la harusi, watu humweka kwenye kitu chochote chenye kioo. Asili yake ni maji ya kina kifupi, kama mashamba ya mpunga ya Thailand, na hupanda juu kuvuta hewa kama sisi. Kwenye tangi letu angekuwa anapanda ngazi na gauni, siku nzima. Inawezekana, ukimwekea majani mapana ya kupumzikia karibu na juu. Mdogo wangu, ambaye hupanda ngazi hadi ghorofa ya sita na mtungi wa maji stima ikipotea, alisema hapana.

Goldfish hatukumzungumzia hata. Hukua kupita sentimita 20 na kuchafua maji kuliko wote.

Mama alipotupigia tukamweleza shughuli yetu. Alikulia karibu na Ziwa Victoria, na alicheka kidogo tu. "Mnachagua vizuri," alisema, "ziwa halikuchaguliwa hivyo." Mbuta aliingizwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi. Fulu, wale samaki wadogo waliokuwa na mamia ya aina, walipungua ghafla, na aina nyingi hazikuonekana tena. Ziwa lile lina karibu kilomita za mraba 69,000, na bado halikuwa na pa kujificha. Sasa wewe fikiria lita 45.

Jibu la dabodeka lilitoka ziwa lingine. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani. Ukilihesabu kwa lita, ni jumba la maajabu. Lakini maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, na ukishuka kupita mita mia moja, mia mbili hivi, oksijeni inaisha. Samaki wake karibu wote wanaishi kwenye kipande cha juu. Ghorofa zote za chini hazina mpangaji. Nilipomsomea hayo, mdogo wangu alinyamaza, kisha akaangalia kitanda changu, dari, na meza moja tuliyokuwa tunaigombania kimyakimya. "Dabodeka inaongeza vitanda," alisema. "Haiongezi meza."

Mwishowe tulichukua gapi sita, wote madume, kila mmoja kama sentimita tatu, na konokono wawili. Gapi hupenda maji magumu, na konokono huhitaji chokaa ya maji hayo kwa gamba lake, kwa hiyo kisima kilichotufukuzia neoni kikatufaa hapo. Madume peke yao, kwa sababu jike huzaa karibu kila mwezi, na akishapandwa mara moja huhifadhi mbegu na kuendelea kuzaa bila dume. Gapi hutembea zaidi juu na katikati. Konokono hupanda kioo chote, na kwao urefu ni malisho kweli. Filta tumeielekeza ivuruge uso wa maji, hewa ipite. Hita ni ya wati 50, kwa ajili ya baridi ya Julai. Hata ikiwaka saa 24 mfululizo haizidi uniti 1.2 ya tokeni. Na tangi lote, likijaa, lina zaidi ya kilo 60, kwa hiyo limekaa juu ya mawe ya kujengea, si kwenye stuli.

Wageni huuliza mbona samaki wachache hivyo. Mdogo wangu huwaeleza habari ya uso wa maji, kwa sauti ya mwalimu kabisa, nami namwacha amalize.

Dabodeka hatukununua. Pesa ya mama ilinunua meza ya pili ya kukunja, taa, na ekstensheni ya soketi nne. Yeye analala kitandani usiku mimi nikiandika. Asubuhi anakunja shuka, mimi nalala. Vitabu haviendi korido siku hizi. Juzi aliniachia kimoja mezani, cha kemia, kimefunguliwa ukurasa wa amonia, na penseli juu yake.