Mapovu na Malengelenge

Nilizaliwa Ariwara, kaskazini mwa Ituri, ambako bahari hutufikia ikiwa ndani ya magunia na makasha. Bidhaa zinazoshushwa bandarini Mombasa hukata Uganda nzima, huvuka mpaka upande wa Arua, kisha huuzwa sokoni kwetu kwa Kilugbara, Kibangala na Kiswahili. Bahari yenyewe sijaiona mpaka leo. Hata hivyo, nilipokuwa mwaka wa pili nilikubali kutafsiri kurasa mbili kuhusu mwani wa baharini, na nikamharibia mtu kazi.

Kazi hiyo ililetwa na binamu yangu, anayeshughulikia mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu huko Mombasa. Hoteli moja ya pwani ilikuwa na tangi kubwa la kioo, lenye maji ya chumvi, mawe na samaki wa rangi rangi. Mawe hayo yalikuwa yameota vitu vya kijani, vya mviringo, vinavyong'aa kama shanga. Meneja alikuwa na maelekezo ya Kiingereza, na kijana anayelitunza tangi aliomba ayasome kwa Kiswahili. "Wewe si unasomea lugha?" binamu aliniuliza. Niliona haya kukataa.

Nilisoma kwanza, nisije nikatafsiri nisichokijua. Mwani huo wanasayansi huuita Valonia ventricosa, jina ambalo J. Agardh aliliandika mwaka 1887. Hukaa katika miamba ya bahari za joto, Bahari ya Hindi ikiwemo. Kilichonishangaza ni kwamba kila shanga ni seli moja tu. Seli ambayo shuleni tuliambiwa haionekani bila hadubini, hapa unaishika kwa vidole viwili, na yaweza kupita sentimita tatu. Ndani yake mna viini vingi vya seli, si kimoja, vyote vikiishi nyuma ya ukuta mmoja. Ukuta huo ni imara kiasi kwamba katika miaka ya 1930 W. T. Astbury na wenzake huko Leeds waliupiga eksirei ili kujua selulosi imepangwaje.

Baharini mwani huu hausumbui sana, maana wapo viumbe wanaoula na maji hayatulii. Ndani ya tangi mambo ni mengine. Unaingia umejificha kwenye jiwe, kisha unanenepa kwa naitreti na fosfeti zitokanazo na kinyesi cha samaki na chakula kilichozidi. Na ukijeruhiwa una hila yake: ute wa ndani hugawanyika kuwa vitone vingi, na kitone kinaweza kujijengea ukuta mpya na kuwa shanga nyingine. Ndiyo maana wafugaji wa samaki huonyana wasizipasue.

Hayo yote niliyajua. Lakini kujua jambo na kuliandika ni kazi mbili. Kiingereza huziita shanga hizo kwa neno lilelile la mapovu ya sabuni, nami nikaandika "mapovu ya kijani." Halafu palikuwa na sentensi fupi iliyoagiza zitolewe zikiwa hazijapasuka. Neno lililotumika kwa Kiswahili linaweza kuwa -ote, na linaweza kuwa -zima. Ilikuwa saa sita ya usiku. Nikaandika: "Ondoa mapovu yote." Nilipaswa kuandika "mazima."

Kijana alinitii. Povu kila mtu analijua: ukilikuta kwenye beseni unalifuta. Alichukua brashi ngumu akasugua mawe mpaka yakawa meupe, na meneja akamsifu. Wiki kadhaa baadaye vijishanga vidogo vilitokea kila pembe ya tangi, hata kwenye mabomba. Akaondolewa kwenye tangi, akapelekwa kufua mataulo.

Alinipigia mwenyewe. Hakutukana. Alisema tu, "Kaka, karatasi yako imeniponza." Nikamwomba anisomee alichokisoma. Aliposoma "yote" nikanyamaza, naye akadhani simu imekatika.

Likizo hiyo nilikwenda nyumbani Ariwara. Shangazi yangu alikuwa ametoka kulima, na mpini wa jembe ulikuwa umemtoa lengelenge kiganjani. Mtoto wa jirani alitaka kulitumbua kwa mwiba wa mchungwa. Shangazi alivuta mkono na kumkanya kwa Kilugbara. Nilijikuta nikimtafsiri kimoyomoyo, kama nilivyozoea: "Liache zima."

Hapo nikayapata maneno yote mawili. Lengelenge lina ngozi nyembamba na maji ndani, kama zile shanga. Na kila aliyewahi kushika jembe anajua kwamba halitumbuliwi ovyo. Povu huuambia mkono ufute. Lengelenge huuambia mkono utulie. Katika darasa la istilahi tulikuwa tumefundishwa kwamba jina zuri huwa fupi, huwa wazi na hulingana na dhana. Sikumbuki kama tuliulizwa jina humfanya mtu afanye nini.

Niliporudi chuoni nilimpelekea mwalimu wangu pendekezo la "mwani wa malengelenge." Alilipinga. Alisema lengelenge ni maradhi, na mwani huu si maradhi ya mwamba, ni mkazi wake halali. Afadhali "mwani tumbo," kwa kuwa ventricosa kwa Kilatini ni mwenye tumbo. Nakiri hoja yake ina nguvu. Kama ningekuwa naandika kitabu cha viumbe vya baharini, ningemfuata. Lakini mimi nilikuwa naandikia mkono wenye brashi.

Nilimwandikia meneja kwamba kosa lilikuwa la mfasiri, si la mtunza tangi, na malipo niliyopewa nikayarudisha. Ilikuwa pesa ya kodi ya chumba changu, kwa hiyo mwezi huo nililala kwa rafiki. Pamoja na barua nilituma karatasi mpya: "Ng'oa malengelenge mazima, moja moja, kwa kuyashika chini yalikojishikiza. Usiyasugue. Punguza chakula cha samaki."

Binamu aliniambia kwamba kijana amerudishiwa tangi kwa siku tatu za wiki, na siku zilizobaki bado anafua. Baadaye kijana mwenyewe alinitumia picha ya ile karatasi, imebandikwa ukutani kando ya pampu. Chini ya maneno yangu alikuwa ameongeza mstari wake kwa kalamu, kwa sababu, alinieleza, mfasiri alisahau kwamba mawe mengine hutoka majini na kwamba vidole huteleza. Sikuwa na la kusahihisha. Ameandika: "Toa jiwe kwanza. Likikupasukia, likupasukie kwenye ndoo."