Mizani ya Pamba

Wanafunzi wangu wa kwanza niliwaamkia shikamoo. Wakaitikia marahaba, kisha wakaketi kwenye magogo wakisubiri niwafundishe. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba tu. Mdogo kuliko wote pale alikuwa mama wa watoto wanne.

Hiyo ni Ukerewe, 1971. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha akazitaka wilaya chache, yetu ikiwamo, zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya 1971 kwisha. Azimio la Arusha lilikwisha kutamka kwamba binadamu wote ni sawa. Lakini usawa gani kwa mtu anayetia dole gumba kwenye karatasi asiyojua imeandikwa nini?

Darasa letu la ngumbaro lilikaa chini ya mwembe, saa kumi jioni, akina mama wakisharudi shamba na wavuvi wakishaanika nyavu. Vitabu vilitoka Mwanza, yalikokuwa makao ya mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO tangu 1968. Herufi zilipita kwenye mambo yao wenyewe: pamba, uvuvi, migomba. Mikono iliyozoea jembe iliikamata penseli kwa nguvu mno. Penseli hizo nilizichonga kwa wembe hadi zikabaki vipande vya kidole kimoja.

Msimu wa pamba ulipofika, nilisimama foleni na mama mmoja wa darasa letu kwenye kituo cha kununulia. Karani akapima gunia lake, akaandika 38. Mama akainama, akautazama mshale wa mizani kwa utulivu.

"Mwanangu, hiyo ni arobaini na tatu."

Karani hakusema neno. Alifuta, akaandika 43. Foleni nzima ikanyamaza, halafu mzee mmoja aliyekwisha kupimiwa akaomba gunia lake lipimwe upya. Kilo 5 za pamba! Kwangu hakuna hotuba ya ujamaa iliyoeleza usawa vizuri zaidi.

Mwaka 1974 Mwanza ikaanza kutoa gazeti la vijijini, *Elimu Haina Mwisho*, ili waliojua kusoma wasisahau. Tulilisoma kwa zamu hadi likachanika. Miaka ya 80 hali ya uchumi ikawa mbaya, karatasi ikaadimika, madarasa yakapungua moja moja. Waliokosa cha kusoma walirudi kwenye dole gumba, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu hawakushindwa wao.

Juzi, kwenye malipo ya kaya maskini, nimewaona tena watu wa dole gumba, vidole vyeusi kwa wino, wakiwauliza wenzao wameandikiwa kiasi gani. Fedha hizo zinawasaidia, nami naziunga mkono. Ila naziomba halmashauri zetu za kando ya ziwa zirudishe madarasa ya ngumbaro ya jioni. Walimu wastaafu tupo, na mwembe wetu haujakatwa.