Bamburi: Msitu wa Machimboni na Hewa ya Tanuri

Msafiri atokaye Tanga kwa njia ya nchi kavu huvuka mpaka wa Horohoro na Lungalunga, akapita kati ya minazi ya Kwale, kisha akavushwa na kivuko cha Likoni hadi kisiwa cha Mombasa. Akivuka daraja la Nyali na kushika njia ya kaskazini iendayo Malindi, hafiki mbali kabla ya kuona Bamburi. Kiwanda cha saruji cha hapo kilianza kazi mwaka 1954, na tangu hapo kimeijengea Kenya nyumba, madaraja na shule.

Wageni wengi, hata hivyo, huja Bamburi kutazama miti. Kwa miaka mingi kiwanda kilichimba mawe ya matumbawe na kuacha mashimo meupe yasiyoota hata nyasi. Mwaka 1971 bwana shamba wa Kiswisi, René Haller, alianza kazi ya kuyahuisha. Alijaribu miti ya aina nyingi, na uliostahimili vyema ni mvinje. Lakini majani yake yalirundikana bila kuoza, hata walipoletwa majongoo wenye miguu myekundu, wakayatafuna na kuyageuza mboji. Leo pana msitu, na ndani yake twiga, viboko na kobe wakubwa.

Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, ndugu msomaji, isitufanye tudhani kuwa deni limekwisha kulipwa. Msitu umeponya ardhi; hewa ni jambo jingine.

Saruji hutokana na mawe ya chokaa yanayochomwa pamoja na udongo katika tanuri lenye joto la kama nyuzi 1,450, yakatoka madonge magumu yaitwayo klinka. Ukichoma kilo 1,000 za chokaa safi, hubakiwa na kilo 560 tu. Kilo 440 zimepaa angani zikiwa hewa ya ukaa, ile izidishayo joto la dunia. Kwa hiyo, hata moto ungekuwa safi kabisa, jiwe lenyewe lingetoa hewa hiyo. Katika hewa ya ukaa itokayo tanurini, kama asilimia 60 hutoka katika jiwe, na inayobaki katika makaa na nishati nyingine. Duniani kote saruji hutoa kama asilimia 7 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu.

Njia za kuipunguza zipo. Ya kwanza ni kubadili nishati: huko Uganda, kiwanda cha Hima kilicho karibu na Kasese kimewahi kutumia maganda ya kahawa badala ya sehemu ya makaa. Ya pili ni kupunguza klinka kwa kuchanganya saruji na pozolana, yaani majivu ya volkano, ambayo Bonde la Ufa limejaliwa kuwa nayo. Ya tatu ni kuinasa hewa yenyewe na kuizika chini ya ardhi. Kiwanda cha Brevik, Norway, kilifungua mtambo wa namna hiyo mwaka 2025, wenye uwezo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka. Lakini gharama yake ni kubwa mno kwa nchi zetu.

Kenya ilitunga Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016, na mwaka 2020 ikaahidi kupunguza asilimia 32 ya hewa ambayo ingetolewa ifikapo 2030. Nasi Watanzania hatuwezi kutazama kwa mbali, kwani mwaka 2024 kampuni ya Amsons ya nchini kwetu ilinunua Bamburi.

Swali gumu ni la mlipaji. Askari ajengaye nyumba ya kustaafia hununua mfuko mmoja mmoja kila mwisho wa mwezi. Kumwongezea bei ili kulipia mitambo ya gharama ni kumtwisha mzigo ambao si yeye aliyeufunga, maana nchi zilizotangulia kuwa na viwanda ndizo zilizochafua anga zaidi. Ndiyo sababu pozolana ifaa kutangulia: haimtaki mwananchi alipie mtambo mpya. Serikali nazo, zijengapo kambi, vituo vya polisi na shule, zinaweza kuagiza saruji ya mchanganyiko pale wahandisi waonapo inatosha.

Nyumbani pia pana wajibu. Kwa lipu na kujengea matofali, saruji ya mchanganyiko ya daraja la 32.5 kwa kawaida yatosha. Ile ya 42.5 na iachiwe nguzo na zege za kubeba uzito. Kwa kuwa ya mchanganyiko hukomaa polepole, imwagiliwe maji walau siku saba. Mama au mtoto ashikaye ndoo jioni anailinda nyumba isipasuke, na mfuko usiopotea bure ni klinka ambayo haikuhitaji kuchomwa.