Gari la Barabara Inayokumbukwa

Mobeni ni jina la Kizulu lililotokana na umoba, yaani muwa, na sikio la Mswahili halikosi kusikia undugu wa maneno hayo mawili. Mashamba ya miwa yaliondoka zamani. Leo pana maghala, karakana na viwanda, na malori yanayopishana usiku na mchana kwenda na kutoka bandari ya Durban. Upande wa bahari umelala mgongo wa Bluff. Upande wa bara vimepanda vilima vya Chatsworth. Mtu akishika njia ya kusini na kuupita uwanja wa ndege wa zamani, uliofungwa mwaka 2010, atafika Prospecton, kwenye kiwanda ambako Toyota huunda Hilux. Mkazi wa Mobeni anayetafuta pikapu ya dizeli ya kazi nzito anaishi jirani na mahali inapozaliwa, na mtu angedhani kwamba uchaguzi wake ungekwisha kwa siku moja.

Kwa mwanamume mmoja wa Masasi, uchaguzi huo ulichukua miaka minne.

Aliondoka kwao mwaka 2006 na kufika Durban akiwa fundi seremala asiye na msumeno. Alianza kwa kukarabati paleti za mbao nyuma ya ghala la mtu, kisha akapata uwanja wake mdogo Mobeni, wafanyakazi wawili, na mshirika ambaye ni kaka wa mkewe. Hukusanya paleti zilizovunjika, huzibadilisha mbao, na kuzirudisha kwa wenye maghala wa Jacobs, Clairwood na Prospecton. Paleti moja ya mbao ina uzito wa kilo 25 hivi. 40 zinakaribia tani moja. Kwa miaka yote hiyo walikodi gari la kubebea, na kila mwisho wa mwezi waliona faida yao ikiondoka na mwenye gari. Walipofikia kiasi cha kutosha kununua la kwao, kila mmoja alikuwa tayari na jibu lake, na majibu hayo hayakufanana.

Mtu wa Masasi alitaka Land Cruiser 79, ile ya injini ya dizeli ya lita 4.2. Shemeji yake alitaka Hilux ya lita 2.8. Katika daftari la hesabu, ukurasa wa nyuma, waliandika sifa za kila moja. Land Cruiser: silinda 6, haina tabo, kilowati 96, torki 285, tangi la lita 130. Hilux: silinda 4, ina tabo, kilowati 150, torki 420 kwa gia za mkono na 500 kwa gia za otomatiki, tangi la lita 80. Torki ndiyo nguvu ya kuzungusha, ile inayoling’oa gari mahali liliposimama na mzigo wake. Kwa takwimu hizo peke yake Hilux ilikuwa imeshinda kabla ya mchezo kuanza, na bei yake ilikuwa ya chini.

Lakini takwimu hazisemi nguvu hiyo imepatikana kwa njia gani. Injini kubwa ya Land Cruiser hupata nguvu kwa ukubwa wake. Pampu yake ya dizeli ni ya vyuma vitupu, haitegemei kompyuta, na fundi mwenye spana na subira anaweza kuifungua chini ya mwembe. Injini ndogo ya Hilux hupata nguvu kwa kushindilia hewa kwa tabo na kupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu membamba, huku kompyuta ikiamua kila tone. Mafuta yakiwa safi, hufanya kazi kubwa kwa dizeli kidogo. Yakiingia maji au uchafu, nozeli huharibika, na bei ya kuzibadilisha humnyamazisha mwenye gari. Kwa maneno mengine, gari la kwanza lina uvivu wa mtu mwenye afya, na la pili lina wepesi wa mtu anayetaka chakula chake kiandaliwe vizuri.

“Gari hili la kwako litakufa na mimi sipo karibu na muuzaji,” alisema mtu wa Masasi.

“Shemeji,” alijibu mwenzake, “wewe hupo karibu na muuzaji siku gani? Kutoka uwanjani kwetu mpaka kwa muuzaji hatumalizi hata chai.”

Neno hilo, shemeji, ndilo neno la Kiswahili ambalo ukoo mzima wa mke ulilipokea kutoka kwake. Mengine yote husemwa kwa Kiingereza cha Durban na Kizulu, yakichanganyika na Kimakua kilichobaki vinywani mwa wazee. Ukoo huo ni wa wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Kuanzia mwaka 1873, manowari za Uingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa zilishusha mamia ya watu walioachwa huru katika bandari hiyo. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, Waislamu, na walijenga makazi yao King’s Rest, kwenye Bluff. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwahamisha kwa nguvu, na wengi wao wakapelekwa Chatsworth. Mmakua wa Masasi alipofika na kusalimia kwa lugha ya bibi zao, walimpa kwanza chakula, halafu kazi, na mwishowe mke.

Kwa hiyo ubishi wa magari ulikuwa wa ndugu, na ulikuwa na jambo ndani yake ambalo hakuna aliyelitaja. Hakuna paleti ya Mobeni inayohitaji Land Cruiser. Barabara zote za kazi yao zina lami. Mlima mkali kuliko yote ni ule wa kurudi Chatsworth jioni. Bomba la hewa linalosimama pembeni mwa kioo kama mkonga wa tembo, springi ngumu za mabamba, tangi la lita 130: vyote hivyo vilikuwa vya safari nyingine. Katika ukurasa huohuo wa daftari, chini ya torki na kilowati, mtu wa Masasi alikuwa ameandika kwa penseli majina haya kwa mpangilio: Musina, Beitbridge, Harare, Chirundu, Lusaka, Tunduma, Songea, Tunduru, Masasi.

Shemeji aliyasoma majina hayo, akafunga daftari.

Anayesema kwamba uchaguzi wa gari ni hesabu tu hajapata kumwona mtu aliye ugenini akichagua gari. Mtu huyu aliichukua kazi ya Mobeni kama mahali pa kupita, na alipita hapo kwa karibu miaka 20. Barabara aliyoiweka moyoni ni ile aliyoiacha. Alikumbuka kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji. Alikumbuka kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga, ambako masika yaliwalaza abiria ndani ya basi siku mbili, tatu. Alikumbuka njia ya Masasi hadi Tunduru, udongo mwekundu uliokuwa vumbi kiangazi na uji wakati wa mvua. Kwa barabara hizo, Land Cruiser haikuwa anasa.

Barabara hizo, hata hivyo, hazipo tena. Kutoka Kibiti hadi Lindi ni lami. Kutoka Masasi hadi Tunduru na Songea ni lami. Kusini yake, Daraja la Umoja limeunganisha kingo mbili za Ruvuma tangu mwaka 2010. Hata dizeli aliyoihofia imebadilika: tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeweka kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, na dizeli ya namna hiyo ndiyo inayohitajiwa na injini za kisasa. Na ile ndoto ya kubeba korosho zake mwenyewe hadi Mtwara nayo ni ya zamani. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hufikisha magunia kwenye chama chake cha msingi, na kutoka hapo malori makubwa huchukua kazi. Magunia 12 ya kilo 80, safari fupi ya kutoka shambani: Hilux huyabeba.

Mtu hununua gari la barabara anayoikumbuka. Aliyetoka kwao wakati wa matope huchagua gari la matope, ingawa waliobaki wameshahamia pikipiki na basi la kiyoyozi. Hofu yake si ya kijinga, kwa sababu ilikuwa kweli. Kosa lake ni kuidhania nyumbani kwamba imesimama ikimsubiri, kama picha ukutani.

Na matope yenyewe hayana kwao. Mwezi wa Aprili 2022 mvua ilinyesha KwaZulu-Natal kwa namna ambayo wazee hawakuwahi kuiona. Watu zaidi ya 400 walikufa. Maji yaliingia kiwandani Prospecton na kuharibu maelfu ya magari mapya, na uzalishaji ulisimama kwa miezi. Uwanja wa paleti wa Mobeni ulipoteza mbao zake zote. Zilielea hadi kwenye uzio na kubaki hapo kama samaki wavuni. Kwenye vilima, barabara za lami zilikatika vipande. Miaka miwili baadaye, Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, ile barabara ya Lindi yenye lami nayo ilikatika karibu na Somanga. Shemeji ndiye aliyeleta habari hiyo uwanjani, akiwa na simu mkononi, bila kucheka.

“Basi ulikuwa na haki nusu,” alisema. “Lakini hapo palipokatika, shemeji, hata mkonga wako usingepita.”

Aliyeupeleka ubishi mbele alikuwa baba mkwe. Mzee huyo alikuwa mtoto walipohamishwa King’s Rest. Siku moja, baada ya swala ya Ijumaa, waliketi naye barazani Chatsworth, daftari likafunguliwa, naye akasikiliza sifa za magari yote mawili kwa adabu ya mtu asiyeendesha. Kisha akaeleza lori lililokuja kuchukua vyombo vyao. Alikumbuka cherehani ya mama yake ilivyofungwa juu ya magodoro, na kuku waliotiwa kwenye sanduku la chai. Hakukumbuka lilikuwa lori la aina gani.

“Hakuna aliyeuliza lina nguvu kiasi gani,” alisema. “Tuliuliza linatupeleka wapi, na dereva hakujua kututajia jina la mahali. Wewe, mwanangu, una bahati ya kujua. Basi tuambie, nasi tutakuchagulia gari.”

Mtu wa Masasi hakujibu. Mkewe, aliyekuwa akikusanya vikombe, alisema bila kumtazama mtu: “Mimi sijakataa kwenda. Ila sijawahi kuulizwa.”

Usiku huo waliulizana, na walivyosemezana ni siri ya nyumba yao. Kilichojulikana uwanjani wiki iliyofuata ni kwamba mtu wa Masasi alilichukua daftari akaanza hesabu upya, safari hii kwa kazi iliyopo. Aliandika idadi ya safari za wiki na kilomita za kila safari. Aliandika bima, kwa maana Hilux huwindwa na wezi wa Afrika Kusini kuliko magari mengi, na kampuni za bima hutaka kifaa cha kulifuatilia. Kisha akaandika gharama ya kila siku ambayo gari litalala gereji. Majina ya miji hakuyafuta. Aliyahamishia ukurasa mwingine, akaongeza kando yake mambo aliyoyaulizia kwa simu: fundi gani wa Masasi ameshafungua injini hizi mpya, spea hutoka wapi, forodha inasema nini. Aliambiwa kwamba sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humruhusu anayehamishia makazi yake nyumbani kuingiza gari moja bila ushuru, alimradi uwezo wake wa kubeba hauzidi tani mbili, na awe amelimiliki na kulitumia ugenini kwa muda usiopungua miezi 12.

Walinunua Hilux, ya gia za mkono. Shemeji alitaka otomatiki, kwa ajili ya foleni ya bandarini. Mtu wa Masasi alisema kwamba amekubali mengi na hilo waliache. Alidai pia kichujio cha pili cha kutenganisha maji na dizeli, ambacho kwa mafuta ya Mobeni hakina kazi kubwa, na shemeji alilipa nusu ya bei yake bila neno. Mzigo wa kwanza ulikuwa paleti za Jacobs, zimefungwa kamba mbili.

Jioni alipokuja kuandika kiasi cha dizeli, alifungua ule ukurasa wenye majina ya miji. Juu kabisa, kabla ya Musina, aliandika tarehe ya usajili wa gari. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake na aliiona. Alihesabu miezi 12 kwa vidole, kimya, halafu akaenda kufunga lango.