Ramani Inapobadilishwa

Kabla sijakabidhiwa uongozi wa chuo cha ualimu, nilifundisha Jiografia kwa miaka mingi. Kila nilipowaagiza wanachuo wachore ramani, niliwaambia waanze kwa penseli wala si kwa wino, maana mchoraji asiyekosea hajazaliwa. Kifutio, nikawaambia, ni chombo cha kazi sawasawa na rula. Sasa nimestaafu na umri umevuka miaka 70. Maneno yale bado nayaamini, lakini siku hizi nisingeyasema kwa wepesi ule. Nimejifunza uzeeni kwamba ziko ramani ambazo ukifuta mstari wake mmoja, umefuta njia ya mtoto kwenda shule.

Mji wa Dar es Salaam, ninakoishi, umepangwa na kupangwa tena. Mpango mkuu wa mwaka 1949, enzi ya Waingereza, uligawa mji kwa wingi wa nyumba: huku viwanja vikubwa vyenye bustani, kule vya wastani, na kwingine nyumba zilizobanana. Lilisemwa jambo la nyumba, lakini kila mtu alijua ni rangi ya nani ingekaa wapi. Baada ya Uhuru ukaja mpango wa 1968, kisha wa 1979, yote miwili ikiwa kazi ya wataalamu kutoka Kanada. Baadaye sana ukaandaliwa huu wa 2016 hadi 2036. Katikati ya mpango na mpango, watu hawakukaa kungoja. Hesabu ya mwaka 1967 ilikuta mkoani watu wapatao 356,000. Ile ya 2022 ikakuta watu 5,383,728. Ongezeko la zaidi ya mara 15 katika umri wa mtu mmoja! Hakuna mchoraji ambaye angeyaona yote hayo mbele. Kwa hiyo sisemi kwamba mpango wa mji usiguswe. Mpango usioguswa hugeuka picha ya ukutani.

Tena yako mabadiliko yaliyookoa watu. Zamani vitongoji vilivyojengwa bila kupimwa vilihesabiwa kuwa vitu vya kubomolewa. Katika miaka ya 1970 serikali ikageuza mawazo. Manzese haikufagiliwa, ilipelekewa barabara na maji kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na viwanja vipya vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Maelfu ya watu wamezeeka katika nyumba zao kwa sababu mtu fulani alikubali kufuta mstari.

Jambo jingine nililolitambua ni kwamba ardhi na usafiri ni kama mume na mke: ukimshauri mmoja bila mwenzake, nyumba haitulii. Mji huu ulitambaa kufuata barabara zake kuu, ya Morogoro, ya Bagamoyo, ya Pugu ambayo leo ni ya Nyerere, na ya Kilwa, kama mboga inavyofuata uzio. Watu wakajenga mbali, mabasi ya shirika yakashindwa kuwafikia wote, ndipo mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa nasi tukayaita daladala. Mwezi wa Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Wengi tulishukuru, maana safari ya asubuhi ilifupika. Lakini karakana yake ilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, na mvua kubwa ziliponyesha maji yaliingia mpaka kwenye mabasi. Bonde halikuwa limebadilisha matumizi yake. Ni sisi tuliobadilisha karatasi.

Sasa niseme langu mwenyewe, maana ni rahisi mno kuuandika mji mzima na kujificha ndani yake.

Nilipostaafu mwaka 2010, nilijenga kwa kiinua mgongo changu katika mtaa mmoja wa pembezoni. Mtaa ule ulikuwa umepimwa. Katikati yake palikuwa na eneo la wazi, na pembeni ya eneo hilo ikapita njia ya miguu hadi upande wa shule. Watoto walicheza chandimu pale jioni, na asubuhi walipita kwenda shule bila kuikanyaga barabara kubwa. Nikiwa barazani na kikombe changu cha chai niliwahesabu wakipita, mazoea ya mwalimu mkuu yasiyokwisha.

Siku moja kikabandikwa kibao cha taarifa: kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, kutoka eneo la wazi kuwa kituo cha mafuta. Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Kwa kuwa nilijulikana kwa mwandiko mzuri, niliombwa niandike muhtasari. Tuliambiwa kwamba mwenye mradi angetuchimbia kisima na kutuwekea taa. Watu waliohudhuria hawakufika 30. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi karibu na shule alisimama akauliza, "Na hawa watoto watapita wapi?" Akajibiwa kwamba jambo hilo litaangaliwa na wataalamu. Alinitazama mimi, kana kwamba mwalimu angesema neno. Nikainama nikaandika: "Wajumbe walikubaliana kwa kauli moja."

Ndugu msomaji, haikuwa kauli moja. Niliijua maana ya maneno hayo kuliko mtu yeyote mkutanoni. Sikupewa hongo; wala sikutishwa. Nilitaka kisima, nilichoka kuchota maji ya kununua, na niliona haya kuonekana mzee mgeni anayepinga maendeleo. Basi nikatia saini.

Kisima kilichimbwa, na maji yake yana chumvi. Kituo kikajengwa pamoja na ukuta, na njia ya miguu ikaishia ukutani. Watoto wakaanza kuzunguka kwa barabara kubwa. Mwaka wa pili yake, mjukuu wa jirani yangu, msichana wa darasa la tatu, aligongwa na bodaboda akivunjika mguu. Alipona, Mungu ashukuriwe, ila mpaka leo anachechemea kidogo wakati wa baridi. Nilipokwenda kumpa pole, bibi yake alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Ahsante kwa kuja, Mwalimu." Hakuniambia neno jingine. Ningependa angenigombeza.

Majuto ni mjukuu, husema wazee, na mimi wangu nilimwona kwa macho akitembea na gongo.

Miaka ikapita, wakaja vijana wa mipango miji kukusanya maoni, kwa kuwa michoro ya mitaa yetu ilikuwa ikirekebishwa, na barabara ya kupanuliwa ilikuwa imo. Walitandika ramani kubwa juu ya madawati ya shule. Nilishuhudia jambo la kujifunza: kila aliyeingia alitafuta paa la nyumba yake kwanza. Akiona mstari wa barabara haumgusi, aliondoka akiwa na amani. Akiona unamgusa, alipaza sauti. Nami, nakiri, kidole changu kilikwenda kwanza kwenye nyumba yangu. Ilikuwa salama. Kwa dakika moja nilitaka kurudi zangu nyumbani.

Nikakumbuka yule mama wa maandazi. Nikamwambia kijana aliyeshika kalamu, "Mwanangu, hapa palikuwa na njia ya miguu. Ilifutwa, na aliyeandika kwamba watu wote walikubali ni mimi. Si kweli kwamba walikubali wote. Naomba uandike hivyo."

Alinitazama kwa mshangao. Akasema, "Shikamoo Mzee. Kwa kawaida watu huja kudai fidia, hawaji kusahihisha muhtasari." Akanieleza kwa adabu kwamba kituo hakiwezi kubomolewa, kwa kuwa kina hati na vibali. Lakini nyuma ya ukuta wake palibaki ukanda mwembamba kando ya mfereji, ambao ungeweza kutengwa kuwa njia ya wapita kwa miguu. Tulikwenda kuupima kwa hatua, yeye na mimi na wazazi wanne. Mama wa maandazi alikuwa mmoja wao.

Katika mchoro uliorekebishwa, njia ile imo. Ni mstari wa vidoti, haujawa njia. Bado kuna takataka na magugu, na kivuko cha mfereji hakijajengwa. Tumeanza kufyeka Jumamosi, kila mwenye nguvu na jembe lake. Mimi hupeleka maji ya kunywa, ndiyo kazi inayoniweza. Muhtasari wa mikutano hiyo naandika bado mimi. Anayekataa namwandika kwamba amekataa, na sababu yake naiweka kwa maneno yake.

Nimejiuliza kwa nini nilikosea, mtu niliyetumia maisha yangu kuwafundisha wengine wawe walimu. Nadhani ni kwa sababu niliuona mpango wa mji kuwa jambo la wakubwa, la wataalamu na mihuri, na mimi kuwa mwandishi tu. Kumbe mpango wa miaka 20 hubadilishwa jioni moja, chini ya mwembe, na watu wasiofika 30, mmoja wao akiwa na haraka ya kwenda kuswali na mwingine akitamani kisima. Wakubwa hutia muhuri juu ya kile tulichokwisha kukikubali kwa kunyamaza.

Kwa hiyo kibao kikibandikwa mtaani kwako, kisome mpaka mwisho. Nenda mkutanoni, hata kama nyumba yako haiguswi. Na hasa kama haiguswi, kwa kuwa wewe ndiwe unayeweza kusema bila kushukiwa kwamba unajitetea. Na ukipewa kalamu ya kuandika muhtasari, andika lililosemwa. Wanachuo wangu niliwafundisha kutumia kifutio. Ningerudi darasani leo, ningewaongezea jambo moja: kabla hujafuta, uliza ni nani anayepita hapo asubuhi.